Ngitili, programu huria, na bibi aliyesema hajui

Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala katika jarida la Science. Aliwaomba wasomaji wake wafikirie malisho yaliyo wazi kwa kila mtu. Kila mfugaji, alisema, ataongeza ng'ombe mmoja, kisha mwingine, kwa sababu faida ya ng'ombe ni yake peke yake, na hasara ya nyasi kwisha wanagawana wote. Mwisho wa siku malisho yanakufa, na ng'ombe nao wanakufa. Kilicho cha wote, kwa hesabu ya Hardin, hakina mlinzi. Ama kipewe mwenyewe, ama kishikwe na serikali.

Makala hiyo tulisomeshwa chuoni kana kwamba ni kanuni ya fizikia. Mimi ni mtu wa Simiyu. Nikajiuliza: hivi huyu bwana alishawahi kuongea na mfugaji yeyote?

Nimeirudia hoja hiyo kwa sababu ya mabishano ninayoyasikia siku hizi. Vijana wetu wanaotengeneza programu, kuanzia Dar es Salaam hadi Mwanza, wanazungumzia sana kushirikishana maarifa, programu huria, na ofisi ambazo kila mtu ana nafasi ndani yake. Ni mazungumzo mazuri. Ila yanaendeshwa kana kwamba mambo haya yote yalizaliwa California, na sisi tumeletewa kwenye kontena. Naomba tuchukue basi la Bariadi. Huko kuna kumbukumbu ya zamani zaidi juu ya mambo hayohayo. Sehemu yake inatia fahari, na sehemu yake inatia aibu. Zote mbili tunazihitaji.

Mkoa wa Simiyu wenyewe ni mchanga. Ulianzishwa rasmi mwaka 2012, ukakata wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, ukachukua Busega kutoka upande wa Mwanza, na Itilima ikazaliwa ndani ya Bariadi ya zamani. Makao makuu ni Bariadi. Kwa hiyo msomaji akiona katika vitabu vya miaka ya 1980 jina "Shinyanga", ajue kwamba Bariadi, Maswa na Meatu zimo humo. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, yenye mbuga za udongo mweusi unaonata kama gundi mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Kiangazi chake hakina utani.

Ni kiangazi hicho kilichowafundisha Wasukuma ngitili.

Ngitili ni malisho ya akiba. Mvua zikianza, eneo fulani linafungwa. Ng'ombe hawaingii. Nyasi zinaota, miti midogo inapata nafasi ya kuinuka, na mambo yanabaki hivyo hadi katikati ya kiangazi, wakati malisho ya nje yamekwisha. Hapo ndipo ngitili inafunguliwa, tena si yote kwa mpigo bali kipande baada ya kipande. Na hawaingii ng'ombe wote. Wanatangulizwa ndama, wagonjwa, ng'ombe wanaokamuliwa, na maksai, kwa kuwa msimu wa kulima unakuja na maksai aliyekonda havuti plau. Kuna ngitili za familia, karibu na nyumba, na kuna ngitili za kijiji au za ukoo ambazo ni kubwa zaidi.

Ukilitazama kwa haraka utasema ni pori lililoachwa tu. Ukilitazama vizuri utaona kwamba ndani yake kuna maarifa mengi yaliyogawanywa kwa watu wengi. Mchungaji mwenye miaka kumi anajua ni nyasi ipi ng'ombe anaila kwanza na ipi anaiacha. Mzee anajua mwaka ambao mvua zilichelewa na ngitili ikafunguliwa mapema, na kilichotokea baadaye. Mwanamke anajua mti unaotoa kuni zisizo na moshi, mzizi wa tumbo la mtoto, na mboga inayoota pembeni baada ya mvua ya kwanza. Hakuna hata mmoja anayeijua ngitili nzima. Ngitili inajulikana na kijiji.

Na kulikuwa na sheria. Wasukuma wana mkutano wao wa kimila unaoitwa dagashida, ambako kanuni zinatungwa, zinabishaniwa na kurekebishwa. Anayeingiza ng'ombe ngitili ikiwa imefungwa anatozwa faini inayoitwa mchenya. Faini hiyo inalipwa kwa jumuiya, na anayekataa kuilipa anatengwa. Kwa Msukuma kutengwa ni adhabu nzito kuliko fedha, maana ukitengwa hakuna atakayekuja kwenye msiba wako.

Hapo ndipo hadithi ya Hardin inapovunjika. Alieleza malisho yasiyo na sheria, kisha akayaita malisho ya wote, ilhali hivyo ni vitu viwili tofauti. Elinor Ostrom, profesa wa Marekani aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha tofauti hiyo. Katika kitabu chake cha 1990 alikusanya mifano ya misitu, mifereji na malisho ambayo watu wameyatunza pamoja kwa karne nyingi, akaorodhesha masharti yanayofanya jambo hilo liwezekane: mipaka inayojulikana, kanuni zinazotungwa na watumiaji wenyewe, watu wa kuangalia, adhabu inayoanza ndogo na kupanda, mahali pa kusuluhishia ugomvi. Mtu wa Bariadi akisoma orodha hiyo anaweza kuweka jina la Kisukuma kwenye kila mstari.

Baadaye Ostrom na wenzake walihama kutoka malisho kwenda kwenye maarifa yenyewe. Watafiti waliomfuata walitumia vipimo vyake kuchunguza maelfu ya miradi ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuurudisha kwa wenzake. Walikuta kwamba miradi mingi inakufa mapema, inaachwa kama shamba lililohamwa. Inayodumu huwa na wasimamizi, kanuni, na njia ya kumaliza ugomvi. Kumbe uwazi peke yake hautoshi. Hata leseni ya programu huria, ukiitazama, ni mchenya wa namna yake: chukua utumie, lakini usivunje masharti tuliyokubaliana.

Nisije nikawapamba Wasukuma kupita kiasi. Si maarifa yao yote yalikuwa wazi. Vyama vyao vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilijengwa juu ya siri. Waasisi wake, Ngika na Gumha, walikuwa mafundi wa dawa walioshindana, na hadi leo pande hizo mbili hushindana kwenye ngoma kwa mbwembwe na kwa dawa za kuvuta watazamaji. Dawa hizo huambiwi mpaka uingie, na kuingia kuna gharama zake. Lakini nyimbo za kulimia, zile ambazo Bagobogobo wanaimba huku majembe yanarushwa juu na kudakwa, ziko wazi kwa kila aliyeko shambani. Jamii ileile ilijua kipi cha kufunga na kipi cha kuacha wazi. Hata kampuni za programu leo zinafanya hivyohivyo, ila zinaita mkakati.

Sasa tuje kwenye maangamizi. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilisimamia ukataji mkubwa wa miti Usukumani kupambana na mbung'o. Ardhi ikafunguka, watu na ng'ombe wakaongezeka. Kisha pamba ikapanda, na kila ekari ya pamba ilitoka kwenye kitu kingine. Halafu ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, mara nyingi mbali na nyumba zao za zamani. Ngitili haikuweza kuhamishwa. Ikabaki bila mwangalizi, na aliyepita na ng'ombe wake hakuulizwa na mtu. Huo ndio ulikuwa wakati ambapo malisho ya Hardin yalikuja kweli Usukumani, na yalikuja baada ya sheria za wenyeji kuvunjwa na watu wa nje.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitembelea Shinyanga na kuiona kama jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, kwa msaada wa Norway na baadaye watafiti wa kilimo-misitu. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizokuwa zimeandikwa mkoa mzima zilifika hekta 611 tu.

Wangeweza kufanya kama ilivyozoeleka: waje na miche ya kigeni, waje na amri. Kilichoufanya mradi ushike ni kwamba maofisa walikaa na wanakijiji, wakawauliza kilichokuwa kinafanya kazi zamani. Jibu likawa ngitili. Basi likarudishwa neno hilo, na dagashida zikarudishiwa heshima yake. Kazi ya ulinzi ikachukuliwa na sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Ukipigwa mwano, yule ukelele wa hatari, kila mwanamume anatoka na silaha yake.

Kufikia mwaka 2003 zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000 za ngitili katika vijiji 833. Watafiti walikuta humo aina 152 za mimea na aina 145 za ndege. Walipopiga hesabu ya kuni, asali, dawa, nyasi za kuezekea na malisho, walipata thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini Tanzania yalikadiriwa kuwa dola 8.50. Mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya kimataifa ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kama ningesimama hapa, ingekuwa hadithi tamu kabisa. Lakini nimesema kuna aibu.

Miti ilipokwisha, wanawake wa Usukuma walipikia nini? Mabua ya pamba yalipoisha, walipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi wake ni mkali. Ukiupikia miaka thelathini ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yanakuwa mekundu. Na katika Usukuma ya miaka hiyo, mwanamke mzee mwenye macho mekundu alikuwa mchawi.

Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikusanya takwimu za mauaji yaliyotokana na imani za uchawi Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984. Waliouawa walizidi 3,600. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya vifo vilitokea Usukuma, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati huo. Angalia miaka hiyo. Ni miaka ileile ya Operesheni Vijiji, watu wamekusanywa karibukaribu na majirani wasiowachagua, ngitili zimekufa, kuni hakuna. Sisemi kwamba ukosefu wa kuni ndio uliowaua wale bibi. Waliuawa na watu, kwa mapanga, mara nyingi kwa ugomvi wa mali na kwa ushauri wa waganga. Ila moshi ndio uliowachora alama. Na sungusungu walewale tuliowasifu kwa kulinda ngitili, siku zao za mwanzo waliwaandama pia waliotuhumiwa uchawi.

Bibi yangu mzaa mama alipikia mavi ya ng'ombe. Macho yake yalikuwa mekundu. Alijua mbegu za mtama kwa majina, alijua mizizi, alijua ni mwezi gani uuze dengu na mwezi gani uzifiche. Mimi alinifundisha, kwa sababu nilikuwa mtoto na tulikuwa wawili. Lakini akija mgeni akauliza jambo lolote kuhusu dawa au mimea, hata ofisa wa kilimo mwenye daftari na nia njema, bibi alikuwa na jibu moja: sijui. Nilikuwa nashangaa. Bibi anajua, kwa nini anasema hajui? Mama ndiye aliyenieleza, nilipokuwa mkubwa. Mwanamke mzee anayejua dawa anajua pia jinsi ya kuloga, ndivyo walivyokuwa wakisema. Kujua kulikuwa ushahidi dhidi yako. "Sijui" ya bibi ilikuwa mlango aliojifungia usiku.

Hapa ndipo ninapowarudia vijana wa programu. Mwaka 1999 Amy Edmondson wa Harvard alichapisha utafiti kuhusu timu za kazi, akaonyesha kwamba watu hujifunza pamoja pale wanapoamini kwamba hawataaibishwa wala kuadhibiwa kwa kuuliza, kukosea au kusema wanachokijua. Kabla ya hapo, akichunguza hospitali, alikuwa amekutana na jambo la ajabu: timu zilizoongozwa vizuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi ya dawa. Kumbe hazikukosea zaidi. Zilikuwa zinayasema. Kwenye wodi za woga makosa yalikuwa yanafichwa.

Linganisha na programu huria, ambayo kwa jina lake iko wazi kwa kila mtu. Mwaka 2017 GitHub, jukwaa kubwa kuliko yote la kazi hiyo, liliwauliza washiriki wake: asilimia 95 ya waliojibu walikuwa wanaume na asilimia 3 tu wanawake. Mwaka huohuo watafiti walichapisha uchunguzi wa marekebisho ya msimbo yaliyopelekwa kwenye jukwaa hilo. Ya wanawake yalikubaliwa kwa asilimia 78.6, ya wanaume kwa 74.6. Lakini kwa mgeni katika mradi, ilipojulikana kwamba ni mwanamke, kukubaliwa kwake kulishuka. Hakuna panga hapo, namshukuru Mungu. Ila msingi unafanana: kazi ilikuwa nzuri mpaka pale walipoona sura ya aliyeileta.

Na kuna mlango mwingine, wa lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa ya kampuni kuandika "faili" na "hariri" kwenye menyu. Kwangu mimi lile ni tukio la kihistoria tusilolisherehekea vya kutosha. Hata hivyo, mazungumzo ya wanaotengeneza programu yanaendelea kwa Kiingereza, na mtoto wa Meatu aliyekulia kwenye Kisukuma, akajifunzia Kiswahili darasani, anafika kwenye msimbo "ulio wazi" akiwa amevuka mito miwili.

Ngitili yenyewe haikukwepa swali hili. Tathmini zilezile zilizoisifu HASHI zilieleza kwamba wenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa walinufaika zaidi, kwa kuwa ngitili zao za familia zilikuwa kubwa, na kadiri nyasi zilivyopata bei ndivyo asiye na kitu alivyolazimika kununua alichokuwa akikata bure. Dagashida ni baraza la wanaume. Wanawake waliopunguziwa saa kadhaa kwa siku za kutafuta kuni, na ambao ndio waliojua nusu ya kilichomo ndani ya ngitili, hawakuwa na sauti sawa pale kanuni zilipotungwa.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Naiheshimu methali hiyo, ila naona tumeisoma nusu. Bariadi kulikuwa na wazee wengi, na mambo yaliharibika, kwa sababu wazee wa kiume walikuwa barazani na wazee wa kike walikuwa wamejifungia ndani. Kijiji kilichojua kugawana nyasi kwa haki ya kupendeza kilishindwa kugawana usalama.

Kwa hiyo nikisikia ofisi imeweka maarifa yake yote mahali ambapo kila mfanyakazi anaweza kusoma, nafurahi, kisha nauliza la pili. Nani hapo anasema "sijui" wakati anajua? Mhudumu wa mapokezi anayewafahamu wateja kuliko meneja? Binti pekee katika timu ya watu tisa? Kijana mwenye ulemavu wa kusikia, anayekuta uamuzi umeshafanyika kwa mdomo kwenye kahawa? Kama yupo hata mmoja, mnayo nyasi lakini ngitili hamna.

Nami nina ombi kwa wasomaji wenye asili ya Usukuma. Kama bibi yako bado yupo, Itilima, Maswa, Busega au popote, kaa naye mkiwa wawili. Muulize majina ya mbegu na ya miti. Andika kwa Kisukuma kwanza, Kiswahili baadaye. Kabla ya kumpelekea mtu mwingine, muulize anataka jina lake liandikwe au lisiandikwe, na ukubali jibu atakalokupa.